Makopo Kumi na Mawili

Kila asubuhi Mzee Randa aliingia bafuni, akafunga komeo, akaketi juu ya kigoda, akaanza kuiogesha sakafu. Alichota maji kwenye ndoo kwa kopo la plastiki, akayamwaga chini karibu na tundu la kutolea maji machafu, akasubiri kidogo, akachota tena. Makopo kumi na mawili. Kati ya kopo na kopo alipitisha kitambaa kibichi shingoni, kwapani na kwenye nyayo, na hapo kuoga kumekwisha. Hiyo ilikuwa wiki ya tisa. Nje ya mlango mkewe alisikia chwaa, chwaa, na kwa hesabu za mzee, mwenye kusikia chwaa hana sababu ya kuuliza.

Hakuwa mchafu wala mvivu. Alikuwa anaogopa. Wiki tisa nyuma alijipaka sabuni usoni, akafumba macho, akainua kopo juu ya kichwa, na pumzi ikamkatalia. Alivuta, hakikuingia kitu. Akavuta tena, kifua kikapanda na kushuka bure. Kopo likamponyoka, sabuni ikamwingia machoni, akawa anapapasa ukuta huku akijiambia, ndiyo leo, nakufa uchi, na mlango nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Pumzi ilirudi kwa mafungu, kidogo kidogo. Tangu siku hiyo, akiiona ndoo imejaa tu, moyo unamwenda mbio.

Angeweza kuuacha mlango wazi, utasema. Asingeweza. Mlango wazi ungeulizwa sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa anaificha.

Komeo lenyewe nalo lilikuwa na maradhi yake. Kila wiki skrubu zake zililegea, komeo likabaki linaning'inia, ukisukuma mlango kwa kiganja unafunguka. Mzee Randa, seremala wa miaka arobaini na moja, aliyepewa jina hilo kwa sababu randa haikumtoka mkononi, hakuweza kuvumilia aibu hiyo ndani ya nyumba yake. Alitembea na bisibisi ndogo mfukoni. Kila zilipolegea, alizikaza, akalaani viwanda vya siku hizi vinavyotengeneza skrubu za kuchezea watoto. Mwezi uliopita alizing'oa kabisa, akatia ndefu zaidi. Baada ya siku nne zikalegea. Akashangaa, akazikaza tena.

"Umemaliza?" mkewe aliuliza kutoka nje.

"Maji matamu leo, mama watoto," akajibu, akasubiri pumzi itulie ndipo atoke.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki.

*

Kliniki ya kifua ilikuwa na mtihani wake, na ni mtihani wa ajabu kweli, kwani anayepata sifuri ndiye aliyefaulu. Kila baada ya miezi mitatu mgonjwa aliulizwa maswali kumi juu ya maisha yake ya wiki nne zilizopita: anavyolala, anavyopanda ngazi, anavyooga, anavyoogopa. Kila swali lilikuwa na alama kuanzia sifuri mpaka tano. Sifuri maana yake hakuna taabu, tano maana yake taabu imekaa kwenye kiti na mwenye nyumba amesimama. Daktari alisema mashine humwambia mapafu yanapuliza hewa kiasi gani, lakini hazimwambii mtu anaishi vipi. Hilo lazima aulizwe mwenyewe.

Mzee Randa aliiona hekima hiyo, ila hakutaka itumike kwake. Aliyekuwa na alama chini ya kumi na tano alipewa dawa zake na kuambiwa arudi baada ya mwaka. Wa katikati, kama yeye mpaka sasa, alirudi baada ya miezi mitatu. Aliyevuka thelathini aliitiwa daktari, na mara nyingi kilichofuata kilikuwa kitanda cha wodi ya ghorofa ya pili.

Wodi hiyo aliijua. Kaka yake mkubwa alilazwa humo miaka sita iliyopita. Walikuwa na karakana moja, wao wawili, na mashine moja ya msasa, na unga wa mbao uliojaa hewani mpaka mtu akipiga chafya inatoka rangi ya mninga. Kitambaa cha kufunika pua waliwaachia mafundi waoga. Kaka alipoanza kukohoa alisema ni mafua, aliposhindwa kubeba ubao alisema ni uzee, na walipomuuliza maswali kumi alijibu yote kweli tupu, maana hakuwa mtu wa kuficha. Alipanda ngazi za wodi kwa miguu yake, amebeba mfuko wake mwenyewe. Alipewa kitanda cha dirishani. Siku ya tano alishushwa amefunikwa.

Kwa hiyo Mzee Randa alipoketi mbele ya fomu ile hakuwa anaona maswali. Alikuwa anaona kitanda cha dirishani. Methali ya mficha maradhi kifo humuumbua aliijua tangu utotoni, ila alidhani imetungiwa watu wasio na kaka.

*

Kutoka getini mpaka mlango wa kliniki ni hatua mia na sitini. Zamani asingezijua. Sasa alizijua moja moja, na alikuwa na mbinu za kuzimaliza bila mtu kumwona anapumzika. Kwenye hatua ya arobaini kulikuwa na ubao wa matangazo. Alisimama akausoma wote, pamoja na lile tangazo la kupotea kwa funguo alilokwisha kulihifadhi kichwani. Kwenye hatua ya themanini alikaa mlinzi. Alimsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na mlinzi, mtu mwema, alijibu kwa kirefu. Baada ya hapo palikuwa pagumu, hapakuwa na kisingizio chochote mpaka mlangoni.

Lakini siku hiyo, kama siku nyingine zote, hapo hapo ndipo kandambili ya mkewe ilipong'oka.

"Hebu subiri, baba watoto. Huu mkanda utaniua."

"Si nilikwambia ununue nyingine?" alisema kwa ukali wa kujifurahisha, huku ameegemea ukuta, mbavu zinakwenda mbio chini ya shati. Mkewe aliinama, akauhangaikia mkanda polepole sana, hakumtazama usoni. Alipoinuka, pumzi ya mzee ilikuwa imerudi.

Binti wa fomu aliwapokea. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya taratibu, kazi yake kuuliza tu, na wagonjwa walimpenda kwa sababu hakumkatiza mtu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Leo niulize haraka, nina safari zangu," Mzee Randa alisema. Safari yenyewe ilikuwa kurudi kitandani.

"Leo kuna mabadiliko kidogo. Na mama naye ana fomu yake. Daktari anataka tumuulize pia anayemuuguza mgonjwa nyumbani."

Mzee akageuka. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama kandambili.

"Nani anayeuguzwa?" mzee akasema, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Mkewe aliombwa asubiri nje kidogo, na maswali yakaanza.

Mwongo mzuri hajipi sifuri zote. Mzee Randa alitawanya moja moja hapa na pale, kama fundi anayeacha alama ndogo ya patasi ili kazi isionekane ya kiwandani. Kikohozi? Moja. Kupanda ngazi? Tia mbili, nani asiyechoka ngazi? Usingizi? Sifuri, nalala kama gogo. Kwa kweli alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na alikuwa anaogopa kusinzia.

"Je, unaweza kuoga mwenyewe bila kuishiwa pumzi?"

"Muulize mama watoto kama hasikii maji kila asubuhi."

"Kwa hiyo?"

"Sifuri."

"Je, unaogopa kwamba pumzi itakatika?"

Kalamu ilisubiri juu ya karatasi.

"Binti yangu, kuogopa ni kwa mtu mwenye nafasi. Sifuri."

Jumla ikawa saba. Alama saba kati ya hamsini! Mwaka mzima bila kuulizwa na mtu. Alitaka kuinuka aende zake kabla bahati haijageuka, lakini binti wa fomu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mzee, kifua chako kinapiga mluzi. Sitaki uondoke hivyo. Ngoja uvute mvuke wa dawa kidogo, dakika kumi tu, halafu daktari atakuaga."

Akalazwa nusu kuketi kwenye kitanda cha pembeni, akafungwa barakoa ya plastiki puani na mdomoni, mashine ndogo ikaanza kunguruma na mvuke baridi ukamwingia. Kisha binti akavuta pazia. Hospitalini pazia ni ukuta. Wanalivuta, basi, wanaamini aliye nyuma yake amekwenda mji mwingine.

Mkewe akaitwa. Mzee akasikia kiti kinasogezwa upande wa pili, hatua mbili kutoka alipo.

"Mama, haya nakuuliza wewe, si yeye. Je, mgonjwa wako anaendeleaje nyumbani?"

"Hajambo," mkewe alisema. "Hajambo kabisa."

Mzee akafumba macho kwa shukrani. Mke wangu huyu, alijisemea, hana makuu.

"Kuna jambo lolote ulilobadilisha nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wake?"

Mashine ikanguruma. Mzee akafumbua macho.

"Mama?"

"Nimelegeza skrubu."

"Skrubu?"

"Za komeo la bafuni. Kila Ijumaa akilala mchana, nazilegeza kwa ncha ya kisu. Yeye akiamka anazikaza. Mwezi uliopita katia ndefu, zikanitesa mpaka kiganja kikachubuka. Nataka siku atakayoanguka humo ndani niweze kusukuma mlango. Mimi sina nguvu ya kuvunja mlango aliouweka yeye. Anaweka milango mizuri."

Nyuma ya pazia, mvuke ulikuwa unaingia lakini Mzee Randa alikuwa amesahau kuvuta.

"Ameshawahi kuanguka?"

"Mara moja, nadhani. Nilisikia kopo linaanguka, kisha kimya. Nikasimama mlangoni, mkono uko juu, sauti haitoki. Ningemwita na asijibu, je? Toka siku hiyo haogi, binti yangu. Anamwaga maji chini. Makopo kumi na mawili, nayahesabu. Mtu anayeoga maji yake yanavunjika vunjika mwilini, ila haya ya kwake yanaanguka kwa mkupuo mmoja. Mimi nimeishi naye miaka thelathini na nane, sijui sauti ya maji yanayomwangukia mume wangu?"

"Mbona hukumwambia?"

"Akijua najua, ataona haya, hata kuingia bafuni ataacha. Na akiwa anamwaga, angalau najua yu hai. Likifika la saba huanza kuomba. Siku likichelewa la tisa, kiganja changu kiko mlangoni tayari."

Binti wa fomu aliuliza kwa sauti ya chini zaidi. "Je, unaogopa kutoka na kumwacha peke yake?"

"Sitoki. Mwaka wa pili huu sijaenda kwa dada yangu, na ni mtaa wa tatu tu. Watoto wakipiga simu kutoka huko waliko, nawaambia baba yenu hajambo. Kandambili zangu ni nzima, nauchomoa mkanda mwenyewe ili apate kusimama."

Maswali mengine yalifuata, na kalamu ilikuwa inaandika. Mzee aliisikia inavyokwaruza, akahisi anakwaruzwa yeye. Wiki zote hizo alijiona ameubeba mzigo wa hofu peke yake, ameusukumia kona ya bafu ambako hautamgusa mtu. Kumbe mwenzake alikuwa amesimama upande wa pili wa ubao, anaubeba bila hata kigoda cha kukalia.

"Mama, fomu yako imefika alama thelathini na tisa. Ya mzee ni saba."

Kiti kikalia. "Daktari ataziona zote mbili?"

"Ataziona. Lakini uamuzi unafuata ya mgonjwa. Maisha ni yake, neno ni lake. Hatuwezi kuandika zaidi ya alichosema."

"Basi nifutie yangu."

"Mama..."

"Nifutie, binti yangu, nakuomba. Weka sifuri kama alivyoweka yeye. Kaka yake alikufa humo juu, na yeye anaiogopa wodi hiyo kuliko anavyoogopa kufa. Mimi sitaki kuwa ndiye niliyempeleka. Tukirudi nyumbani nitaendelea kuhesabu. Mwaka si mrefu."

Na Mzee Randa akauona mwaka huo: asubuhi mia tatu na zaidi, yeye ndani, mkewe nje, makopo yanahesabiwa, mpaka siku moja hesabu itakapokomea njiani. Akamwona anausukuma mlango kwa mkono uliochubuka. Hofu aliyoijua ya kukosa pumzi ikamshika, na nyingine mpya ikaja juu yake, kubwa zaidi.

Akaivua barakoa, akashusha miguu, akalivuta pazia kwa nguvu mpaka pete mbili zikang'oka kwenye bomba lake.

"Rudisha," alisema, akavuta, "fomu yangu."

"Mzee, vaa barakoa!"

"Sijaoga." Akavuta tena. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. "Wiki tisa. Andika... tano."

Mkewe alisimama, uso umelowa, aibu na hofu zinagombania nafasi. Alimshika mabega akamketisha, akamrudishia barakoa, akamfunga utepe nyuma ya kichwa. Binti wa fomu akachukua karatasi mpya. Kwa kuwa mzee hakuweza kusema tena, aliyasoma maswali yote kumi upya, moja baada ya jingine, na mzee akajibu kwa vidole. Kikohozi, vidole vinne. Ngazi, vitano. Usingizi, vitano. Kuna swali moja alijipa kimoja, la hamu ya kula, maana mapishi ya mkewe hakutaka kuyasingizia.

"Je, unaogopa kwamba pumzi itakatika?"

Aliuinua mkono wote, vidole vitano. Pembeni yake mkewe, ambaye hakuna aliyemuuliza, naye akauinua wa kwake.

Jumla ikawa arobaini na mbili.

*

Daktari alikuja, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akakibana kidole cha mzee kwa kile kidude cha kupimia hewa ya damu, hakupenda alichokiona. Alisema dawa wanazompa si za hali aliyo nayo, na kwamba miezi tisa iliyopita wamekuwa wakimtibu mtu mwingine, yule wa kwenye fomu. Alisema alazwe leo hii. Mzee aliuliza kama atashuka. Daktari alijibu kwamba watajaribu, na hakuahidi zaidi.

Walimpandisha kwa kiti cha magurudumu, kwenye lifti. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa na watu. Kilichobaki kilikuwa cha dirishani.

Mkewe alimfuata muuguzi, akamnong'oneza, akarudi anatikisa kichwa. Hakuna kingine. Mzee Randa aliitazama shuka iliyonyooshwa, akahisi kifua kinajifunga, akawa anavuta hewa kwa mabega. Alitaka kugeuza kiti, alitaka alama zake saba. Kisha akaushika mkono wa mkewe, akakipanda kitanda cha kaka yake.

Jioni, dawa mpya ilipomfungua kidogo, muuguzi alisema anaweza kuogeshwa kama ana mtu wake. Alikuwa naye. Bafu la wodi lilikuwa mwisho wa ukumbi, na fundi ni fundi, kitu cha kwanza alichokiona ni mlango: hauna komeo, yamebaki matundu manne ya skrubu tu. Aliketi kwenye kigoda, amevuliwa nguo, mbavu zinahesabika. Ndoo ilikuwa imejaa. Moyo ukaanza mbio zake.

Akanyoosha mkono kwenye suruali iliyotundikwa msumarini, akatoa bisibisi, akampa mkewe.

"Chukua. Kisu kinaharibu vichwa vya skrubu."

Mkewe aliitazama ile bisibisi kwa muda, akaitia kifuani kwake. Alimpaka sabuni mgongoni, shingoni, mwisho usoni, na mzee akalazimika kufumba macho. Giza likaja. Akamdaka mkewe kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Naogopa," alisema.

"Najua. Hata mimi." Kopo lilichota maji, likasimama juu ya kichwa chake. "Nimwage?"

Alivuta pumzi. Iliingia, si yote.

"Mwaga."